Kitalu nyumba hakihitaji kufungwa kutwa

Huku mlimani Kilimanjaro, kuanzia Kibosho hadi Marangu, baridi ya Juni na Julai ikianza watu hufunga kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mazao, kila upande, wakiamini joto litabaki ndani na nyanya zitapona. Sivyo. Nailoni nyembamba huachia joto haraka usiku, na kabla ya alfajiri ndani huwa karibu sawa na nje. Kinachobaki ni unyevu.

Ingia asubuhi utazame juu: matone yamejipanga chini ya nailoni, kisha yanadondokea majani. Jani lililolowa kwa saa nyingi katika hali ya ubaridi ndilo bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia nyanya, inalolitaka. Linaanza doa la kijani kibichi kama limemwagiwa maji ya moto, linageuka kahawia, na ukiligeuza unaona utando mweupe. Hapo wengi hulaumu mbegu na kukimbilia dawa, na inaniuma, kwa sababu dawa hizo ni ghali.

Jua likitoka, kunja pazia za pembeni hewa ipite, hata kama kuna kibaridi. Jua kali likiwaka kwenye kitalu kilichofungwa, joto hupita nyuzi 35 na maua hupukutika. Funga jioni jua lingalipo, ili joto la udongo libaki kidogo. Mwagilia asubuhi, shinani tu. Na kwa kuwa ndani hakuna upepo, tikisa kamba zinazoshikilia nyanya taratibu asubuhi maua yachavuke.

Kabichi na sukuma wiki? Hizo zipande nje, baridi zinaipenda.