Tanga kwa mashua: wanayokwambia na yaliyopo

Jamani kila likizo nasikia hii, eti Tanga hakuna cha kuona, ni mji wa kulala usiku mmoja tu asubuhi ukapande gari la Mombasa au Lushoto. Mi nimezaliwa hapa na hiyo kauli inaniuma kweli, maana wanaoisema wameuona mji kwa mgongo, wameshuka stendi wakapanda bajaji basi. Tanga uso wake umeelekea baharini. Nenda pale Deep Sea kwenye soko la samaki, elewana na nahodha, utoke nje kidogo halafu geuka utazame ulikotoka.

Kingine wanachosema, kisiwa cha Toten ni kisiwa cha Wajerumani. Jina kweli la Kijerumani, linahusu wafu, na Wajerumani wamezikwa pale. Ila shuka upenye vichaka utakuta magofu ya misikiti na makaburi ya Waislamu, watu walishaishi pale na kuswali pale kabla huyo Mjerumani hajatia mguu pwani hii. Historia ya Tanga haikuanza na boma wala reli, naomba hilo watoto wetu wafundishwe hivyo.

Halafu kuna hii ya "boti ni boti, twende muda wowote". Hapana! Huku saa ni ya maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake inafika mita tatu na zaidi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa hiyo muda wa jana sio wa leo. Mwaka juzi tulienda Toten na wanangu na binamu zao bamvua ikiwa imeanza, tukakaa magofuni tunapiga picha, kurudi ufukweni mashua imelala kwenye tope na maji yako kuleee, tukasubiri mpaka jioni watoto wana njaa na maji ya kunywa yameisha. Toka siku ile kabla ya kuuliza bei namuuliza nahodha maji yanaanza kupwa saa ngapi. Na kama ni miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, toka mapema, mchana upepo unakaza na bahari inachafuka.

Magofu ya Tongoni sasa, kusini ya mji kama kilomita 17 hivi, wapo wanaoapa ilijengwa na Wareno. Wareno walipita tu! Nahodha wao Vasco da Gama alifika maeneo haya 1498 akawakuta wenyeji wapo na maisha yao, na mwaka uliofuata wakati anarudi kutoka India mabaharia wake wamekufa wengi kwa maradhi, hana tena watu wa kuendesha meli tatu, ndo akaichoma moto mojawapo, São Rafael, kwenye maji haya haya. Msikiti na yale makaburi ya nguzo, mawe ya matumbawe na chokaa, ni kazi ya Waswahili. Kuna makaburi yana vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kigeni, weka kidole chako pale taratibu ufikirie bakuli lilisafiri toka wapi mpaka kufika kwenye kaburi la mtu wa Tongoni. Mi pale huwa nanyamaza kabisa. Ila usikalie makaburi kupiga picha, tafadhali sana.

Ukirudi unapita Raskazone, hapo ndo Waingereza na askari wao wa Kihindi walishuka Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, kuuteka mji kwa Wajerumani, na utaambiwa Wajerumani waliwatega kwa nyuki. Nyuki walikuwepo kweli ila ni wa mitini, milio ya risasi iliwavuruga wakauma pande zote mbili. Kilichowaponza Waingereza ni kwamba meli yao ilitangulia kuja bandarini kudai mji usalimu amri, wakati wanangoja jibu Mjerumani analeta askari kwa treni. Watu kama 8,000 wakashindwa na kama 1,000.

Wapo pia wanaodai mapango ya Amboni, yale ya kaskazini ya mji, yanapita chini kwa chini mpaka Mombasa. Hayafiki, yalipimwa 1994 na refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja.

Na silikanti, samaki yule aliyedhaniwa ametoweka enzi na enzi mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Wageni wanakuja na miwani ya kuzamia wakidhani watamuona, hawatamuona, anakaa kwenye mapango ya kina kirefu, mita 100 huko na kuendelea. Wavuvi wetu walianza kumpata mwaka 2003 na kuendelea kwenye majarife ya kina kirefu, na 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa hiyo mashua yako ikielea kati ya Tanga na kijiji cha Kigombe jua tu yuko huko chini yako, na kama kuna mtu anakwambia atakuletea mmoja umuone, usimpe hata shilingi.