Picha Haijielezi: Dhana Potofu Kuhusu Kuhifadhi Historia ya Jamii Ndogo

Jamii ndogo inapoamua kukusanya historia yake, huanza na vitu: picha, madaftari ya vikao, barua, kanda za sauti. Ni sawa kuanza hapo, ila vitu vyenyewe ni nusu ya kazi. Picha ya watu kumi na wawili waliosimama mbele ya jengo, isiyo na jina hata moja nyuma yake, itabaki picha ya watu kumi na wawili tu siku atakapofariki wa mwisho anayewatambua. Karatasi inaweza kudumu miaka mia. Maelezo yake huondoka na mtu. Karibu kila dhana potofu iliyopo hapa chini inatokana na kulisahau hilo.

"Sisi ni wadogo mno, hatuna historia"

Husemwa kwa unyenyekevu, na nadhani ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu inaizuia kazi kabla haijaanza. Watu hutafuta vita, mfalme au mtu maarufu. Wakikosa, sanduku linafungwa. Lakini atakayekuja kuuliza miaka hamsini ijayo atataka kujua watu waliishije: kisima kilichimbwa na nani, kwa nini shule ilihamishwa, fedha za kikundi zilikuwa zikitunzwa kwa nani. Majibu ya maswali hayo yamo katika daftari la mahudhurio, stakabadhi, tangazo la mechi, barua ya kulalamikia barabara mbovu. Vitu hivyo ndivyo vinavyotangulia kuchomwa watu wanaposafisha nyumba.

Tazama Makumbusho ya District Six, yaliyopewa jina la eneo moja la jiji la Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza eneo lile kuwa la Wazungu pekee. Watu wapatao 60,000 walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1994, kitu chake kilichojulikana zaidi kilikuwa ramani kubwa ya mitaa iliyotandazwa sakafuni. Waliohamishwa walikuja, wakainama, wakaandika majina yao pale zilipokuwa nyumba zao. Mitaa unaweza kuipata kwenye ramani yoyote ya zamani ya jiji. Nani alikaa nyumba ipi na jirani yake alikuwa nani, hayo yalikuwa vichwani mwa watu.

"Tukishaskani, tumemaliza"

Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, ile orodha ya ardhi na mali ya Uingereza iliyokusanywa mwaka 1086. Iliwaalika wananchi, wengi wao watoto wa shule, waandike maisha ya maeneo yao na kuyapiga picha. Ulikuwa mradi wa historia za jamii ndogo hasa. Kazi yote ikawekwa kwenye diski za leza za aina ya pekee, teknolojia ya kisasa kwa wakati ule. Haikupita miaka 20 mashine za kusomea diski hizo zikawa adimu, na ikabidi wataalamu wahangaike kuyaokoa yaliyomo. Kitabu cha 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, bado kinasomeka.

Simaanishi kwamba tuache kuskani. Skani hukupa nakala ya kugawia watu, na hukipunguzia kitu halisi kushikwashikwa. Isipokuwa faili nayo ina njaa zake: huhitaji kuhamishwa kutoka chombo hadi chombo, kufunguliwa mara kwa mara kuona kama bado inafunguka, na kuwa na mwenzake mahali pengine. Kanuni inayotumiwa na wengi ni nakala tatu, juu ya aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Diski moja ya nje iliyofungiwa kabatini haihesabiki kuwa hifadhi. Wala mtandao wa kijamii hauhesabiki: mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza muziki uliokuwa umepandishwa na watumiaji kwa zaidi ya miaka kumi, wakati wa kuhamisha seva.

WhatsApp inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiko picha nyingi za familia zinakopita siku hizi. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, kama tarehe na mahali ilipopigwa, huondolewa. Mwambie anayekutumia aitume kama hati, itafika ilivyo. Kisha ibadilishe jina siku hiyo hiyo. Faili inayoitwa "IMG-0047" haina tofauti na ile picha ya watu kumi na wawili wasio na majina. Mwaka, mahali na tukio kwenye jina la faili, halafu majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia kwenye orodha ya pembeni: hiyo ni kazi ya dakika mbili ambayo hakuna mashine itakayoweza kukufanyia baadaye.

Kwa vipimo vya kuskani, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) zinatosha kwa hati nyingi, na 600 ni bora kwa picha ndogo za zamani. Nakala kuu iwe faili ya aina isiyopunguza ubora: TIFF kwa picha na WAV kwa sauti. JPEG na MP3 ni za kugawa.

"Karatasi haidanganyi, mzee husahau"

Dhana hii ina pacha wake: "Mzee ameshasema, basi." Zote mbili zinakwepa kazi ile ile ya kupima.

Tuanze na karatasi. Muhtasari wa kikao huandikwa na katibu, na katibu huandika kinachofaa kuandikwa. Ugomvi wa saa mbili huingia kama "baada ya majadiliano marefu wajumbe walikubaliana". Waliofanya kazi bila cheo hawatajwi kabisa. Mwenye kutegemea madaftari peke yake ataandika historia ya watu waliokuwa wakikaa meza kuu.

Sasa mzee. Ni kweli kumbukumbu hukosea, ila makosa yake nayo yana habari. Mtafiti wa Italia Alessandro Portelli alikusanya masimulizi ya wafanyakazi katika mji wa viwanda wa Terni. Huko kijana aitwaye Luigi Trastulli, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, aliuawa na polisi Machi 1949 katika maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Miaka mingi baadaye, wasimulizi wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, katikati ya ghasia za kupinga wafanyakazi kuachishwa kazi kwa wingi. Portelli hakuyatupa masimulizi hayo. Alijiuliza kwa nini watu wengi wakosee kwa namna moja, akaona kwamba jamii ile ilikihamishia kifo cha mwenzao kwenye pambano lililowagusa zaidi. Kwa tarehe, gazeti lina haki. Kwa kujua watu walichokuwa wakikiomboleza, gazeti halina la kukwambia.

Kwa hiyo usimsahihishe msimulizi katikati ya rekodi, wala usiyahariri maneno yake baadaye ili yalingane na kitabu. Mwache aseme, halafu andika pembeni: gazeti linasema hivi, daftari la kikao linasema vile. Msomaji aone vyote.

Na msiogope masimulizi yanapogongana. Habari za Pate, historia ya masultani wa kisiwa hicho cha pwani ya Kenya, zimetufikia kwa namna hiyo. Inasimuliwa kwamba kitabu cha asili kilipotea mji wa Witu, ulioko bara karibu na Lamu, uliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Tulichonacho ni nakala kadhaa zilizoandikwa, nyingi zikitokana na masimulizi ya Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabhani uliotawala Pate, na nakala hizo hazikubaliani katika kila jambo. Wanahistoria wanazisoma kwa pamoja, na pale zinapopishana ndipo maswali mazuri yanapoanzia. Jamii iliyolazimisha toleo moja "rasmi" imejinyima maswali hayo.

Namna ya kuuliza nayo ina mchango mkubwa. Ukimwambia mtu "nisimulie historia ya hapa" atakupa hotuba. Muulize: ulipokuwa ukitoka nyumbani kwenda shule ulipita wapi, na nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya nani? Mpe picha aishike. Wanasaikolojia wameona kwamba wazee hukumbuka zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi, basi usikate tamaa akikosea la wiki iliyopita. Pengine ujana wake bado uko palepale. Zungumza na kila mmoja peke yake kwanza. Wakikaa kundi tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa huweka njia na wengine humfuata, wakati mwingine bila kujua kwamba wamebadili walichokuwa wakikumbuka. Kikao cha pamoja kije baadaye. Kina raha yake, na ubishi wake wenyewe ni hazina, hakikisha tu kinasa sauti kinafanya kazi.

"Laminesheni na selotepu hulinda"

Hapana. Laminesheni huunguza na kuziba: joto na plastiki huganda na karatasi, na hakuna njia rahisi ya kuitoa tena. Selotepu hugeuka njano, gundi yake hupenya na kuacha doa. Pini na klipu za chuma hushika kutu. Albamu zenye kurasa za kunata, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980, zinaharibu picha hadi sasa. Kama picha inatoka bila kulazimishwa, itoe, na kama haitoki, piga picha ukurasa mzima ulivyo.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, taratibu, pembezoni. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele au huvuja baada ya miaka. Weka vitu gizani, juu ya rafu, mbali na paa lenye joto na sakafu inayoweza kupitiwa na maji. Hati zikilowa usizianike juani: zitandaze kivulini penye hewa au feni, na ufanye haraka, maana ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Zile glavu nyeupe za kwenye filamu zisikutishe. Kwa karatasi za kawaida mikono safi na mikavu ni bora, kwa sababu glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na ukurasa huchanika. Glavu ni za picha na negativu.

"Tuvipange upya vizuri"

Mtu mwenye bidii hupokea sanduku la marehemu akalimwaga: barua huku, picha kule, stakabadhi kwingine. Linapendeza, na limeharibika. Watunza nyaraka wana kanuni iliyowekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841, kwamba nyaraka zilizotoka kwa mtu au ofisi moja zisichanganywe na za wengine. Baadaye ikaongezwa kwamba mpangilio wa mwenyewe uachwe. Barua ya kukataliwa ombi la kazi iliyokuwa bahasha moja na tiketi ya gari moshi ya wiki iliyofuata inasimulia kitu. Zikitenganishwa, zinanyamaza. Kabla ya kugusa, piga picha sanduku lilivyo, kisha andika limetoka kwa nani, lini, na lilikuwa likikaa wapi.

"Tukivipeleka kwenye hifadhi kubwa, viko salama"

Vingi vitakuwa salama zaidi huko, nakubali. Lakini jengo la hifadhi ya nyaraka ya jiji la Cologne liliporomoka Machi 2009 kutokana na ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, na Aprili 2021 moto uliteketeza sehemu ya maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Toa vitu halisi ukipenda, nakala na maelezo yabaki kwenu.

"Aliyetupa picha ametupa ruhusa"

Katika sheria za nchi nyingi, aliyepokea barua ana karatasi, aliyeiandika ana hakimiliki ya maneno. Kwa picha, mara nyingi hakimiliki ni ya mpigaji. Juu ya sheria kuna heshima: simulizi kuhusu ndoa iliyovunjika au mtoto aliyepotea linaweza kumwumiza mtu aliye hai. Fomu fupi ya ridhaa inatosha: nani atasikiliza, jina litajwe au lifichwe, na rekodi ifunguliwe lini. Inakubalika kabisa kuifunga kwa miaka ishirini. Nchini Australia, Warumungu, jamii ya wenyeji wa asili, walishirikiana na watafiti kutengeneza Mukurtu, programu ya hifadhi inayoiachia jamii yenyewe uamuzi wa nani aone kipi. Wenye kudai kwamba kila kumbukumbu lazima iwe wazi kwa dunia nzima wangefaa kuiangalia.

"Kanda zimekaa miaka arubaini, zitakaa tena"

Hapa hakuna muda. Kanda za sumaku huchakaa, na mashine za kuzichezea zinatoweka hata haraka kuliko kanda zenyewe. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 hivi ingekuwa vigumu sana kuzihamisha. Mwaka huo umeshafika. Kama bajeti ni ndogo, acha karatasi zisubiri na uanze na kanda, hasa zenye sauti za watu ambao hawapo tena au lugha ambayo wasemaji wake wamebaki wachache. Yenye ukungu usiichezeshe, itachafua mashine na kuchanika; itafutie fundi mwenye uzoefu. Na kwa kaseti zote, kabla hata ya kuzihamisha, vunja vile vipande vidogo vya plastiki viwili vilivyo ukingoni, upande wa juu, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake.