Kufuli Kubwa, Skrubu Fupi: Ulinzi wa Stoo na Mabanda ya Nje

Malalamiko kuhusu fidia za wizi wa stoo na mabanda ya nje yameongezeka katika kitengo chetu cha bima, na karibu yote yana sentensi moja: "Nilikuwa nimefunga kwa kufuli kubwa." Tunaamini mlifunga. Makala haya ni kwa ajili ya waliofunga na bado wakaibiwa.

Katika picha tunazoletewa kuna jambo linalojirudia. Kufuli liko chini, zima kabisa, bado limefungwa. Tumbuu, yaani kile chuma cha mlangoni kinachopitishwa kufuli, imo ndani yake, na skrubu zake nne zimeng'oka zikiwa na unga wa mbao kwenye nyuzi. Mwizi hakuligusa kufuli. Alipenyeza mtaimbo nyuma ya tumbuu akaiinua, au alizifungua skrubu kwa bisibisi kwa sababu vichwa vyake vilikuwa wazi. Hapo kufuli lingekuwa kubwa mara mbili lisingebadilisha lolote.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, tazama mlango. Tumbuu ifungwe kwa bolti zinazopenya ubao hadi upande wa pili, si kwa skrubu. Chagua bolti zenye kichwa laini cha mviringo, kisichoshikwa na spana wala bisibisi, na kwa ndani weka washa pana au kipande cha bamba la chuma kabla ya nati. Ulimi wa tumbuu ukishafungwa uvifunike vichwa vyote. Ubao uliooza ubadilishwe kwanza, maana bolti haina pa kushika.

Kisha nenda upande wa pili wa mlango, kwenye bawaba, ambako wengi hawatazami kamwe. Mlango unaofungukia nje huacha bawaba zake nje, na pini ya bawaba ya kawaida huchomolewa kwa nyundo na msumari. Ncha za pini zipondwe au zichomelewe, na kila bawaba ipate angalau bolti moja inayopenya hadi ndani.

Sasa kufuli lenyewe. Tafadhali tuache kupima ubora wa kufuli kwa uzito wake mkononi. Mwili mkubwa unaweza kubeba upinde mwembamba, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye tumbuu, na upinde ndio unaokatwa. Upinde wa chuma cha kawaida wenye unene wa milimita 6 hukatwa kwa mkasi wa vyuma unaoingia kwenye begi la mgongoni. Upinde wa chuma kilichokazwa, hasa chenye boroni, wa milimita 10 au zaidi huishinda mikasi mingi ya mkono. Urefu nao una madhara: upinde mrefu huacha nafasi ya kupitisha mkasi au mtaimbo. Nafasi hiyo iwe ndogo kadiri tumbuu inavyoruhusu. Yapo makufuli yenye mabega yanayoufunika upinde karibu wote, na kwa stoo yenye mashine za thamani hayo ndiyo tunayopendekeza. Pima tundu la tumbuu kabla ya kununua, la sivyo upinde mnene hautaingia na utarudi kwenye kufuli lako la zamani.

Ukiwa dukani lifungue kufuli utazame miguu ya upinde. Ukiona pengo, yaani mkato uliochongwa mguuni, upande mmoja tu, kufuli linashika mguu mmoja, na ukilipiga mtaimbo linazunguka na kuachia. Pengo lenye kona kali huonyesha kwamba ndani kuna ulimi unaosukumwa na springi. Ulimi huo husogezwa kwa kipande cha bati jembamba, hata la kopo la soda, bila ufunguo na bila kuacha alama kubwa. Mapengo ya mviringo pande zote mbili maana yake upinde unashikwa na gololi za chuma, na bati halizisogezi. Ukaguzi huo hauhitaji utaalamu wowote, lakini hatuoni watu wakiufanya.

Kwa wanaopenda kulinganisha kwa vipimo, kiwango cha Ulaya EN 12320 huyapanga makufuli katika madaraja 1 hadi 6, la 6 likiwa imara zaidi. Kwa banda la kawaida tunashauri daraja la 3, na la 4 panapokuwa na vitu vya thamani. Alama hiyo iwe imeandikwa kwenye kufuli au kwenye kifurushi chake. Maneno "imara sana" si daraja. Pia mjue kwamba mashine ya grinda hukata takriban kila kufuli la kawaida. Linalonunuliwa hapo ni muda na kelele.

Kuna wizi mmoja usiohitaji nguvu. Unafungua stoo asubuhi, unaliacha kufuli likining'inia wazi, unafanya kazi zako. Mtu analiondoa na kuweka lingine la aina ileile. Jioni unalibana bila kutumia ufunguo, na usiku yeye anakuja na ufunguo wake. Kila unapofungua, libane kufuli kwenye tumbuu hapohapo hadi wakati wa kuondoka. Vilevile usipige picha ya ufunguo na kuituma mtandaoni: meno yake huonekana, na hayo yanatosha kuchonga mwingine.

Matunzo hayachukui muda. Kufuli la nje lining'inie tundu la ufunguo likiangalia chini ili maji yatoke. Mwili wa shaba haushiki kutu, lakini upinde wake wa chuma unashika, kwa hiyo penye mvua nyingi au chumvi ya bahari tafuta upinde wa chuma kisichoshika kutu. Mara mbili kwa mwaka toa vumbi, kisha weka unga wa grafiti ndani ya tundu na uzungushe ufunguo mara kadhaa. Msiweke mafuta ya kupikia wala grisi. Tumeshayasema haya sana: mafuta hayo hukamata vumbi, yakaganda, na pini za ndani ya kufuli zikakwama. WD-40, iliyobuniwa mwaka 1953 kufukuza maji, inafaa kusafisha. Isichukuliwe kuwa kilainishi cha mwaka mzima. Ufunguo ukianza kukwama, usiulazimishe kwa koleo. Utakatikia ndani.

Mwisho ni utaratibu wa madai, na hapa naomba usomaji wa makini. Ukiibiwa, usiguse kitu wala kurekebisha mlango kabla ya kupiga picha: mlango mzima, tumbuu kwa karibu, kufuli, bawaba, na ardhi mbele ya mlango. Toa taarifa polisi kwanza, upate namba ya taarifa, kisha uitaarifu bima yako ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Siku huhesabiwa tangu ulipogundua wizi. Andaa orodha ya vilivyoibwa pamoja na stakabadhi au namba za mashine. Kufuli lililovunjwa lihifadhiwe na lisitupwe, kwa sababu mikataba mingi ya stoo hulipa pale tu panapokuwa na alama za kuingia kwa nguvu, na vipande hivyo ndivyo ushahidi wako. Anayeongeza kitu ambacho hakikuwamo stoo anaweza kupoteza dai lote, pamoja na sehemu iliyo ya kweli, akafutiwa mkataba na kufunguliwa shauri la udanganyifu. Njoo na funguo zote za kufuli hilo, hata ule uliompa fundi au kijana wa kazi. Kama mmoja umepotea, uandike kwenye fomu tangu siku ya kwanza, kabla mkaguzi hajauliza.