Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe: maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini

Maswali haya huulizwa mwisho wa mazungumzo, mtu akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

Nataka kikundi karibu na ninapoishi. Nianzie wapi?

Kilichoenea zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale dalali wa hisa Bill Wilson alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi, na waligundua kwamba kuzungumza na mlevi mwenzako hukusaidia kuipitisha siku bila kunywa. Tovuti ya AA ina sehemu ya kutafuta mikutano kwa nchi na mji. Usipopata kitu huko, kaulize kliniki ya afya ya akili iliyo karibu. Wauguzi hujua vikundi ambavyo havijaandikwa popote. Vingi hukutana kwenye kumbi za kuazima, bila bango mlangoni. Ukipewa namba, piga kabla ya kwenda, maana siku na saa hubadilika. Uliza pia kama mkutano uko wazi kwa yeyote au ni wa wenye tatizo la pombe tu.

Si niache pombe kwanza, ndipo niende?

Hapana. AA ina sharti moja la kujiunga: kutaka kuacha. Haisemi uwe umeshaacha.

Ila hapa tusikimbie. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Pombe huupooza ubongo, nao kwa miaka umejizoesha kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kuushinda upoozaji huo. Ukiiondoa kwa mkupuo, ubongo unabaki ukienda mbio bila breki. Siku ya kwanza ni jasho, kutetemeka na moyo kudunda. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine huchanganyikiwa, hupandwa na homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hii huua. Daktari anaweza kukuvusha kwa dawa za siku chache na vitamini B1. Kama uliwahi kupata degedege ulipojaribu kuacha, safari hii anzia hospitali. Kikundi hakitibu jambo hili, na wanachama wazoefu watakuambia hivyohivyo.

Nitalazimishwa kusimulia maisha yangu?

La. Mkutano huchukua saa moja au moja na nusu, mmoja anaongoza, wengine wanaeleza walikotoka. Ukisema "leo nasikiliza tu", inatosha. Jina la kwanza pekee ndilo hutumika. Hakuna ada, michango hupitishwa, na asiye nacho haulizwi.

Na nikimkuta mtu anayenijua?

Naye atakuwa amekutwa na wewe. Hata hivyo, siri ya kikundi hulindwa na heshima ya watu, si na kufuli, kwa hiyo kama kazi yako inakutia hofu, chagua kikundi cha mtaa wa mbali kidogo.

Mambo ya dini siyawezi.

Hatua 12 za AA, yaani mwongozo ambao wanachama hufuata, zinamtaja Mungu, kwa namna kila mmoja anavyomwelewa, na wapo wasioamini waliodumu humo. Ukiona bado panakubana, ipo SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, ambayo hutumia mbinu za kisaikolojia na ina mikutano ya mtandaoni.

Nilienda mara moja, nikaona si mahali pangu.

Huenda kweli hapakuwa pako. Vikundi vinatofautiana kama familia zinavyotofautiana, hata vinavyotumia jina moja. Mimi husema jaribu vitatu au vinne kabla ya kukata tamaa. Lakini kuna penye kuondoka bila kuaga: ukiambiwa utupe dawa ulizoandikiwa na daktari, ukiombwa pesa ili "uponywe", au ukianza kutongozwa ukiwa na wiki mbili tu bila pombe.

Vinasaidia kweli, au ni kufarijiana tu?

Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulichambua tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Programu zilizowaingiza watu AA kwa utaratibu maalumu ziliwawezesha wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa, kuliko matibabu mengine yaliyozoeleka, kama tiba ya mazungumzo. Haina maana kwamba kila anayeingia huacha pombe. Unaweza pia kuhudhuria huku ukitumia naltrexone au acamprosate, dawa zinazosaidia mtu asirudie unywaji. Uliza daktari kama zinakufaa.

Nilikaa miezi mitano, jana nikanywa.

Rudi leo. Aibu ndiyo itakayokuambia usubiri wiki ijayo.

Anayekunywa ni mume wangu, na hataki kusikia lolote.

Basi nenda wewe. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya jamaa za walevi, na huhitaji ruhusa yake wala yeye kuacha kwanza. Utakaa na watu waliowahi kuficha chupa, kudanganya waajiri na kukesha wakisikiliza mlango. Hutalazimika kuwaeleza mambo hayo tangu mwanzo.