"Si Iko Wazi Kwa Simu?" Dhana Potofu Kuhusu Picha za Mabango ya Maonyesho

Maonyesho yakikaribia hapa Kisumu, simu yangu hailali. Kila anayetaka bango ana picha tayari, na karibu kila picha inakuja na maneno yaleyale.

"Si iko wazi kabisa kwa simu?"

Mama mmoja wa kikundi cha wafugaji samaki aliniletea picha ya ngege (tilapia) wametoka tu kuvuliwa kizimbani. Kwenye simu ungehesabu magamba. "Mwanangu, hii itatoka safi," akasema. Nikaipima kwa pikseli, vile vinukta vinavyoiunda picha: 1,600 kwa 1,200. Bango la nyuma ya meza alilotaka lilikuwa la upana wa mita 3, yaani inchi 118. Ukigawanya, kila inchi inapata pikseli 13 au 14 tu, na kila pikseli moja inakuwa na upana wa karibu milimita 2, kama punje ya wimbi. Jicho la ngege lingegeuka vigae.

Kumbe kamera haikuwa na kosa. Simu iliyopiga ilikuwa ya megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000. Picha ilinyongwa njiani: WhatsApp huzipunguza picha ili zisafiri haraka. Chaguo la HD lililokuja mwaka 2023 linasaidia, ila nalo hubana. Dawa ni kuituma kama dokumenti, au kuja na simu yenyewe iliyopiga. Picha ya asili tuliipata kwenye simu ya mwanawe.

"Lazima iwe nukta 300 kwa inchi."

Hiyo ni hesabu ya kitabu au gazeti unaloshika mkononi. Bango la mita 3 kwa kipimo hicho lingedai zaidi ya pikseli 35,000 kwa upana, na sijui nani angeipiga picha hiyo. Jicho la kawaida likiwa mita 1 kutoka kwenye bango haliwezi kutenganisha zaidi ya nukta 87 hivi kwa inchi. Kwa mita 3 zinabaki kama 29. Kwa hiyo picha ya asili ya mama yule, yenye pikseli 34 kwa inchi, ilitosha kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya njia. Bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200 ni habari nyingine, kwa sababu watu hulisogelea kusoma. Hapo natafuta nukta 100, yaani pikseli 3,350 hivi kwa upana.

"Basi badilisha hiyo 72 iandikwe 300."

Hiyo 72 ni namba ya nukta kwa inchi iliyoandikwa tu ndani ya faili. Kuibadilisha ni kama kuandika "kilo 90" kwenye gunia lenye gorogoro mbili. Pikseli ni zilezile. Programu za akili bandia za kukuza picha huongeza pikseli kweli, lakini huzibuni. Kwa anga na maji sina neno. Kwa uso wa mwenyekiti wenu, hapana.

"Faili ina MB 20, ni kubwa." MB ni uzito tu. Uliza pikseli.

"Nimeitoa Google, ni ya bure."

Google anakuonyesha tu, picha si zake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda picha kama inavyolinda wimbo. Chuja kwa haki za matumizi, au nenda Wikimedia Commons, ambako kila picha ina idadi ya pikseli na masharti yake. Mengi yanataka umtaje mpigaji. Ukitaka Ziwa Victoria kutoka angani, picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki. Lakini kwa bidhaa yako mwenyewe, mpunga wa nchi ya mbali hautamdanganya mtu anayepita mashamba ya mpunga ya Ahero kila wiki. Mlipe mpiga picha mwenye kamera ya megapikseli 24 asubuhi moja tu.

"Nembo nimeikata kwenye tovuti yetu."

Mtafute aliyeichora akupe faili ya vekta, yaani mchoro wa mistari usiotegemea pikseli: SVG, AI (ya programu ya Adobe Illustrator) au PDF. Hiyo hukua hadi ukubwa wa ukuta bila kuchakaa. Ila JPEG, yaani picha ya pikseli, iliyofungwa ndani ya PDF inabaki JPEG.

Kabla ya kuchapisha lile bango nilikata kipande cha A4 kwa ukubwa halisi, jicho na pezi moja, nikakibandika mlangoni. Mama akakisogelea, akakunja uso. Nikamwomba arudi nyuma. Alipofika ukingoni mwa barabara, boda boda ikampigia honi; hakugeuka.

"Aah," akasema. "Huyo sasa ni ngege."