Bendera ya kigeni si kinga ya meli inayochafua bahari

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba meli ya kigeni ikimwaga mafuta baharini, nchi ya pwani haina la kufanya ila kuandika malalamiko kwa nchi ambayo meli hiyo inapeperusha bendera yake. Imani hiyo si sahihi, na inaumiza, kwa sababu inawakatisha tamaa wavuvi wanaostahili kudai hatua.

Ibara ya 220 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, inatoa mamlaka yanayopungua kadiri meli inavyokuwa mbali na pwani. Ndani ya maili 12 za baharini, sababu za wazi za kushuku kwamba meli imekiuka sheria za uchafuzi ilipokuwa ikipita humo zinatosha kuikagua na, ushahidi ukiruhusu, kuizuia. Kutoka hapo hadi maili 200, ukaguzi unahitaji umwagaji mkubwa uliosababisha au kutishia uchafuzi mzito, na kuizuia meli kunahitaji ushahidi bayana wa madhara makubwa au tishio lake.

Hata hivyo, kuzuia si kutaifisha. Mwenye meli akiweka dhamana inayofaa, meli huachiwa huku kesi ikiendelea; nchi ikikaidi, nchi ya bendera inaweza kufika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyopo Hamburg, kuomba iachiwe haraka.