Kikuza cha kwanza hakina pa kujificha

Mgeni katika fani yangu, ya kuunda vikuza vya kusoma ishara za kompyuta za kwanta, huniuliza kwanza kikuza changu kinakuza desibeli ngapi. Hapo hapana kazi. Desibeli 40, yaani mara 10,000, hupatikana kwa transista chache. Kazi ni kukuza bila kuizamisha ishara kwenye kelele.

Na ishara yenyewe ni mnong'ono: fotoni (chembe za mawimbi) chache za gigahetzi 6 hivi zinazotoka kwenye rezoneta, saketi ya kuisomea kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, nguvu yake ikiwa karibu wati 10⁻¹⁶. Kyubiti inakaa chini kabisa ya jokofu, kwenye milikelvini 10 au 20. Kikuza changu hakiwezi kukaa nayo, kwa sababu kinakula miliwati kadhaa, na ubaridi wa pale chini hauhimili hata sehemu ndogo ya hizo. Kwa hiyo hupandishwa ghorofa ya kelvini 4.

Kanuni ya Friis ya mwaka 1944 inasema kelele ya kila kikuza hugawanywa kwa ukuzaji wa vilivyokitangulia. Kelele tunaipima kwa kelvini, kama joto ambalo lingeitoa. Kikuza cha nje chenye kelele ya kelvini 100, kikikaa nyuma ya changu, huongeza kelvini 0.01 tu. Changu hakina kilichokitangulia. Kelvini zake 2 ni sawa na fotoni 7 hivi, nazo ni zaidi ya ishara tunayoitafuta! Tena kebo na aisoleta (vipitisha mawimbi vya upande mmoja) zikipoteza desibeli 3 njiani, kelvini 2 zinakuwa 4. Ndiyo sababu kipande cha kebo cha chini ni cha niobiamu-titaniamu: kikipoa hakipotezi mawimbi, wala hakishushi joto jingi kwa kyubiti.

Kilichowahi kunitesa ni kikuza kilichotulia vizuri mezani, kisha kikaanza kuimba chenyewe, yaani kutoa mawimbi bila ishara, baada ya kupoa. Transista za indiamu fosfaidi huchangamka zaidi kwenye baridi, na uthabiti uliopimwa kwenye joto la chumba hauna maana tena. Nilihangaika na masafa ya mawimbi ya kazi, kumbe mtetemo ulikuwa mbali nayo. Rezista ndogo kwenye njia ya umeme wa dreni (mguu mmoja wa transista) ikamaliza ugomvi. Siku hizi napima nje ya masafa kwanza.

Usidhani kupoza zaidi kutasaidia. Chini ya kelvini 10 hivi kelele karibu haishuki, maana transista inajipasha yenyewe. Heri kupunguza mkondo wa dreni hadi ukuzaji uanze kulalamika, kisha urudi nyuma kidogo.

Anayetaka kushuka zaidi huweka kikuza cha Josephson, cha superkonda na kinachotoa joto kidogo mno, chini karibu na kyubiti. Desibeli zake 20 hupunguza kelvini 2 zangu hadi 0.02, wakati nusu fotoni ya kelele ambayo sheria za kwanta hazisamehi ni kelvini 0.14.